Soko la gemu halikui kwa mwendo mmoja

Umeuliza inakuwaje soko la gemu linasemwa linakua huku studio zinazotengeneza gemu zinapunguza wafanyakazi. Ile takwimu ya jumla imefunga pamoja masoko matatu yasiyofanana: simu, konsoli na kompyuta. Gemu za simu huingiza karibu nusu ya mapato yote duniani, kwa hiyo zikiyumba, jumla nzima inayumba. Ndivyo ilivyokuwa 2022: watu walishaacha kujifungia ndani kwa sababu ya korona, na tangu Aprili 2021 Apple ilikuwa inalazimisha programu ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji, basi kuwapata wachezaji wapya kwa matangazo kukawa kugumu na ghali. Konsoli (mashine za kuchezea gemu kwenye TV) zina mzunguko wake. PS5 ya Sony ilitoka Novemba 2020 ikaadimika madukani kwa uhaba wa chipu, mauzo yakaja kupanda vizuri 2023. Kompyuta ndiyo inanipa matumaini zaidi (gemu ya miaka kumi iliyopita bado inauzwa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta), ila hata huko saa nyingi za wachezaji zinamezwa na gemu chache kongwe kama Counter-Strike na Fortnite. Studio mpya inagombania saa zinazobaki, hata mwaka ambao jumla imepanda.