Jibu: Majira ya baridi ya miaka mingi yasiyotabirika

Ndugu, umeuliza sayari yako ya kubuni ipateje baridi ya miaka mingi isiyotabirika. Urefu ni rahisi: sayari ya Uranus huzunguka Jua kwa miaka 84 mhimili ukiwa umelala, hivyo kila ncha hupata takriban miaka 42 ya mwanga, kisha 42 ya giza. Ila mtazama nyota yeyote ataipigia hesabu.

Ili isitabirike, tumia volkano. Tambora, volkano ya Indonesia, ililipuka Aprili 1815. Juni 1816, wakati wa kiangazi huko, theluji ikaanguka New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Salfa ya mlipuko ikifika juu kabisa angani hugeuka matone ya asidi yanayorudisha mwanga, lakini hudondoka ndani ya miaka michache. Mlipuko mmoja hautoshi: panga volkano karibu na ikweta, moshi ufikie pande zote mbili, na kila moja ilipuke kabla anga halijasafika.