Barua kwa Mwanangu Kuhusu Filamu ya Queen

Mwanangu mpenzi,

Salamu za hapa Kibokoni zikufikie wewe na mkeo. Umeniuliza kama filamu ya Bohemian Rhapsody, ile ya mwaka 2018, ilimtendea haki Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Nikiifikiria filamu hiyo, moyo hunirudisha kwenye albamu ya kundi hilo, A Night at the Opera ya mwaka 1975, kwa maana huko ndiko nilikomjulia mtu huyu, kabla sijaambiwa kwamba ni mzaliwa wa Unguja, mtoto wa Kiparsi aliyeitwa Farrokh Bulsara.

Imani yangu unaijua: kazi ya sanaa isikatwe. Ianzwe mwanzo, ifikishwe mwisho, ndipo ihukumiwe. Kaseti ya albamu ile marehemu babu yako aliileta kutoka melini, nami nikawa naisikiliza kwa mpangilio wake. Nilipenda mno '39, wimbo wa Brian May, mpiga gitaa wa kundi, kuhusu wasafiri wanaorudi wakiwa bado vijana ilhali waliowaacha nyumbani wamekwisha kuzeeka au kufa. Binti wa baharia hakuhitaji kufafanuliwa maneno hayo. The Prophet's Song, wenye zaidi ya dakika 8, ni mrefu kupita haja yake, lakini niliuvumilia kwa sababu baada yake huja Love of My Life.

Siku moja, wimbo wa Bohemian Rhapsody wa albamu hiyo, ulioipa filamu jina lake, ukiendelea, mjomba wako alipita ukumbini akasikia "Bismillah" katikati ya zile sauti zinazopishana. Aliichomoa kaseti, akauvuta utepe wote nje mbele ya macho yangu, na nyanya yako akanyamaza. Sikuujua mwisho wa wimbo ule mpaka nilipoolewa na baba yako akaninunulia kaseti nyingine.

Hujiambia kwamba mjomba wako alitenda kwa ghera ya dini, na ghera si kosa. Kisha hujijibu kwamba neno lile halikutamkwa kwa kejeli: ni sauti zinazomgombania kijana, hawa wakitaka aachiliwe, wale wakikataa, na mwenye kusubiri dakika mbili zaidi angesikia jinsi ugomvi wote unavyotulia. Hakusubiri. Tunakula naye kila Idi, na uchungu ule haujanitoka.

Basi usishangae kwamba kinachoniudhi katika filamu ni ukataji. Inatuonyesha kundi lililosambaratika kabla ya tamasha la hisani la Live Aid, uwanjani Wembley, la tarehe 13 Julai 1985, ilhali Queen walikuwa wametoa albamu ya The Works mwaka 1984, na miezi michache tu kabla ya tamasha walikuwa ziarani. Inamfanya Freddie awaambie wenzake habari za ugonjwa wake wa UKIMWI kabla ya kupanda jukwaani, ilhali inavyofahamika aligunduliwa baadaye, mwaka 1987. Maradhi yaliyomuua mtu yamesogezwa ili mandhari ipate machozi. Hata hivyo, Rami Malek, aliyemwigiza Freddie, alistahili Oscar yake, na ile sehemu ya Wembley, ambayo kwa mara moja waliiacha iende karibu yote, niliitazama nikilia.

Je, ilimtendea haki? Niliandika jibu hapa nikalifuta, kwa kuwa najua mlivyoipenda, na ulimi unaniwasha. Kwanza isikilizeni albamu yote, pande zote mbili. Inafungwa na God Save the Queen ya magitaa, isiyo na uimbaji. Msizime kabla hamjaifikia. Kisha unipigie simu, nami nitasema.

Mama yako