Faiba ikikatika, mbona ruta ya pili inachelewa kushika?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nasimamia mtandao wa duka la dawa la jumla hapa Mwanza. Tuna ruta mbili za MikroTik: A ina faiba, B ina laini ya redio ya mtoa huduma mwingine, na zinashirikiana kwa VRRP (utaratibu wa ruta mbili kutumia anwani moja ya pamoja, kiongozi akifa mwenzake ashike). A ina njia ya akiba inayopita B, pia nimeweka Netwatch, kipimo cha ndani ya ruta, inayopima lango la mtoa huduma (ruta yake ya kwanza tunayopitia) na kushusha kipaumbele cha A likipotea. Nikichomoa kebo ya WAN (inayotoka ruta kwenda kwenye kisanduku cha faiba) kujaribu, keshia hata hashtuki. Ila faiba ikikatika kweli huko barabarani, mfumo wa mauzo unaganda dakika moja hadi mbili, na simu za mezani hazipokei mpaka nizizime na kuziwasha. Nimepunguza muda wa VRRP, haikusaidia.

Jibu: Ndugu yangu, VRRP iache ilivyokuwa, haina kosa. Kwa kawaida ruta kiongozi hujitangaza kila sekunde 1, na mwenzake akikosa matangazo matatu anashika usukani. Ukijumlisha na kipande kidogo cha nyongeza kinachotokana na kipaumbele, hazifiki sekunde 4. Lakini kinachoangaliwa hapo ni kama ruta A yu hai ndani ya ofisi. Habari za intaneti VRRP haizijui kabisa.

Kilichokupoteza ni namna unavyojaribu. Ukichomoa kebo ya WAN, mlango wa ruta unazimika, njia kuu inafutika papo hapo, na ile ya akiba kupitia B inashika. Faiba ikikatika barabarani mambo ni tofauti. Angalia kile kisanduku cha faiba ukutani: taa ya LOS (mwanga wa faiba umepotea) itawaka nyekundu, lakini taa ya LAN (upande wa ruta) inabaki kijani, kwa sababu kebo kati yake na ruta yako ni nzima. Ruta inaona mlango uko hewani, kwa hiyo inaendelea kutupa pakiti (vipande vya data) kwenye faiba iliyokufa. Hapo unamtegemea Netwatch peke yake, na kwenye RouterOS 6 (mfumo unaoendesha ruta za MikroTik) Netwatch usipoigusa hupima mara moja kwa dakika. Dakika yako ya kwanza imeishia hapo.

Kupunguza muda huo ni rahisi, ila kwanza badilisha unachokipima. Lango la mtoa huduma linaweza kujibu vizuri kabisa huku nje kumekatika. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, ofisi nyingi za Afrika Mashariki zilikaa hivyo: lango linajibu, dunia haipatikani. (Siku zile hata wenye watoa huduma wawili waliumia, maana majina mawili tofauti yanaweza kuwa yanapita waya uleule baharini. Waulize wako.) Pima anwani iliyo mbali, nje ya mtandao wa mtoa huduma. Chagua mbili, na useme laini imekufa pale tu zote mbili zinaponyamaza mara tatu mfululizo, ukipima kila sekunde 2. Ukitegemea pakiti moja tu, laini ikikohoa kidogo mtandao mzima unaanza kuhamahama.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Hizo anwani za kupimia lazima zipite faiba tu. Wekea kila moja njia yake ya /32 (ya anwani hiyo moja tu) kupitia lango la faiba, na nyuma yake njia ya pili ya aina ya blackhole (shimo linalomeza pakiti) yenye distance kubwa zaidi, yaani itumike tu ya kwanza ikipotea. Bila hiyo blackhole, siku mlango wa WAN ukizimika njia ya /32 nayo inapotea, kipimo kinafuata njia ya akiba kupitia B, kinapata jibu, na A anatangaza kwamba faiba imepona. Anarudisha kipaumbele chake kumbe hana kitu. Nimeona ofisi ikiyumba hivyo asubuhi nzima, na kila mtu anamlaumu mtoa huduma.

Mtego mwingine uko karibu na huo. Watu hupenda kupima 8.8.8.8, na hapohapo ndiyo DNS yao (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Ukishaifunga anwani hiyo kwenye faiba, faiba ikifa ruta A haiwezi tena kuuliza jina lolote, hata kama njia ya akiba inafanya kazi. Pima anwani ambayo hakuna mtu ofisini anaitumia kwa DNS.

Nashuku DNS ndiyo iliyokula dakika yako ya pili. Nenda kwenye kompyuta ya keshia, andika ipconfig /all, soma mistari ya Default Gateway na DNS Servers. Lango liwe anwani ya pamoja ya VRRP. Ukikuta anwani halisi ya A, kompyuta hiyo itaendelea kumfuata A hata akishashuka, mpaka ipewe anwani upya na DHCP (huduma inayogawa anwani ofisini). DNS nayo iwe anwani ya pamoja, na kila ruta iwe na uwezo wa kujibu. Ukikuta DNS za mtoa huduma wa faiba, zitoe: kwa kawaida hazijibu maswali yanayotoka kwenye mtandao wa mwingine. Kompyuta za Linux husubiri sekunde 5 kwa kila seva isiyojibu kabla ya kugeukia nyingine, na mfumo wa mauzo unaouliza majina matatu manne unaonekana umeganda wakati laini iko hewani.

Simu zina ugonjwa wao. Simu ya SIP (inayopiga kupitia mtandao) hujisajili kwa seva, na seva inakumbuka anwani ya nje iliyotumika. Ukihamia B anwani hiyo imebadilika, lakini simu haina haraka ya kujisajili tena. Nyingi zimewekewa sekunde 3600. Ukiizima na kuiwasha inajisajili upya, ndiyo maana inapona. Shusha muda wa usajili hadi sekunde 60 au 120. Simu inayozungumzwa wakati wa kuhama itakatika, hilo huwezi kulikwepa kwa watoa huduma wawili wenye anwani tofauti.

Kurudi nako kusiwe kwa pupa. Faiba ikipona, subiri ijibu bila kukosa kwa dakika 5 ndipo A apandishwe. Na kipaumbele kishuke vya kutosha: kama A ni 150 na B ni 100, kumshusha hadi 120 hakubadilishi chochote. Mpeleke 50.

Ukimaliza, jaribu upya baada ya saa za kazi, safari hii kwa kuchomoa uzi wa faiba wenyewe kwenye kisanduku, ule wenye kichwa cha kijani. Usiguse ncha yake wala usiichungulie, ifunike kwa kifuniko chake. Kabla ya kuchomoa, fungua madirisha matatu kwenye kompyuta moja: ping (kipimo cha kama anwani inajibu) kwenda anwani ya pamoja, ping kwenda anwani ya nje ambayo si ya kipimo, na la tatu la kuuliza jina kwa nslookup. La kwanza likikatika muda mrefu, kagua swichi na VRRP. La pili likichelewa kuliko sekunde 12 hivi, kipimo chako bado ni kizito. La pili likirudi huku la tatu limekwama, rudi kwenye DNS. Niandikie ni lipi lililochelewa na kwa sekunde ngapi, pamoja na orodha ya njia za ruta A kabla na baada ya kuchomoa.