Theluji inayotoka kijivu, lava inayotoka imepauka

Mdogo wangu anaishi Norway. Huko sasa ni majira ya baridi, na kila wikendi hunitumia picha za milima, maziwa na ufuko wa bahari. Juzi akaniuliza (yaya kwetu ni ndugu mkubwa): "Yaya, mbona theluji yangu inatoka kama simenti?" Vijana wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, huniuliza swali hilohilo kwa kinyume: mbona mawe ya volkeno ni meusi ti, lakini kwenye picha yamepauka na mbingu yote imeungua, imebaki nyeupe tupu?

Jibu ni moja. Kamera, hata ya simu, haijui kilicho mbele yake. Inapima mwanga na kuchukulia kwamba kila kitu, kwa wastani, ni kijivu. Ikiona theluji inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ikiona lava inadhani kuna giza, inaongeza. Kuirekebisha ni kazi yako. Kwenye kamera tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: theluji iongezee hatua moja hadi mbili (+1 hadi +2), na lava ya 2002, ile iliyopita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ipunguzie hatua moja. Kwenye simu nyingi ukigusa skrini kinatokea kijua kidogo. Kipandishe kwa theluji, kishushe kwa lava. Halafu ikuze picha uliyopiga. Kama mikunjo ya lava inaonekana na mawingu bado yana umbo, endelea. Kama mbingu imekuwa karatasi nyeupe, rudia hapohapo, maana weupe ulioungua hauna programu ya kuurudisha.

Kuhusu baridi kali sina mengi ya kumwambia mdogo wangu. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, kwa kuwa baridi huzidhoofisha haraka. Na kabla ya kuingia nyumbani kamera ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, isitolewe mpaka ipate joto la chumba, la sivyo unyevu utajikusanya juu ya lenzi.

Sisi wa Goma tuna shida nyingine: kuuona mlima wenyewe. Wengi hungoja kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa kuwa mvua ni chache. Mimi miezi hiyo sihangaiki na milima kabisa. Vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hujaa hewani, na Nyiragongo, mlima wa volkeno ambao uko kilomita zisizofika 20 kutoka mjini, unaweza kupotea siku nzima kama haupo. Mvua ndiyo rafiki wa mpiga picha. Ikinyesha kwa nguvu usiku na kukatika kabla ya alfajiri, hewa inabaki imeoshwa. Unaona Nyiragongo na moshi wake, Mikeno yenye ncha kali (mita 4,437), na Karisimbi (mita 4,507), ambao baadhi ya asubuhi hizo huamka na weupe kichwani, mvua ya mawe au theluji kidogo. Jua likipanda, weupe umekwisha.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague mwezi, nachagua Novemba au Desemba. Mvua zipo, na tena jua limekaa vizuri. Karisimbi uko kaskazini-mashariki mwa mji. Mwezi wa Juni jua linachomoza karibu upande uleule, linakupiga machoni, na mlima unabaki kivuli tu. Desemba linachomoza kulia zaidi, linaupiga mlima ubavuni, na kila bonde na kila mgongo unajitokeza. Nyiragongo nao uko kaskazini, wakati jua la Desemba linapita kusini kwetu, kwa hiyo unaangaziwa usoni. Saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe tayari juu ya paa la ghorofa, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Usitegemee sana kupata kitu baada ya saa tatu, kwa maana mawingu huwa yameshakaa.

Ziwa naliachia jioni. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hutoka machweo na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma, taa zikining'inia. Ngoja mtumbwi uingie ndani ya njia ya mwanga wa jua juu ya maji, na hapo usirekebishe kitu: wavuvi wakitoka weusi, ndivyo inavyotakiwa.

Lakini chunga unaposimama. Kando ya ziwa, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake, kuna mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi, nzito kuliko hewa ya kawaida, na hutuama kwenye mabonde madogo na mashimo ya mawe. Inaua watu na mifugo. Hatari ni kubwa usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo. Mpiga picha ana tabia ya kushuka chini na kuchutama ili apate pembe nzuri, na hapo chini ndipo inapokaa. Ukiona mijusi, ndege au wadudu wamekufa mahali pamoja, ondoka. Waulize wenyeji kwanza, wao wanayajua mashimo yao.

Vumbi letu ni mawe yaliyosagika, basi usifute lenzi kwa shati. Puliza kwanza kwa kipampu cha mpira, ndipo upitishe kitambaa laini, bila kukandamiza. Hili nalisema kila mara na kila mara namwona mtu anapangusa kwa pindo la koti akishuka kwenye pikipiki.

Mpaka, uwanja wa ndege, bandari na mtu yeyote mwenye sare, hapo kamera ibaki ndani ya begi, hata kama mlima uliopo nyuma yao ni mzuri namna gani. Wasukuma chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) na wauza samaki, omba kwanza. Wengine watataka kitu kidogo, wengine watataka waione picha tu, na wengine watakataa. Aliyekataa mshukuru, uende zako.