Ulimi Wangu Si wa Jivu: Kwa Nini Wewe Malbec na Mimi Pinotage

Msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, kila ninayekaa naye ananisifia Malbec ya Argentina. Nimeinywa, nimeirudia, sioni kitu. Ninayoipenda mimi ni Pinotage ya Afrika Kusini, na nikisema hivyo nachekwa. Nikiingia kwenye kazi ya mvinyo si nitaaibika?"

Hutaaibika, mdogo wangu. Na umeniuliza wakati mzuri, maana mwezi huu ndio nimekabidhiwa orodha ya mvinyo ya mgahawa mzima niipange mwenyewe, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila mtu wa kunichungulia. Kiti hiki nilikitamani tangu nikiwa nabeba trei. Najua na nyinyi mnaonisoma mnakitamani. Mnataka siku mteja akiuliza "tunywe nini leo?" macho ya meza yote yawageukie nyinyi. Kwa hiyo nitasema yote, na yaliyoniuma nitayasema pia.

Nilipokuwa najifunza kuonja, mwalimu wetu alitumiminia glasi mbili za mvinyo mwekundu, chupa zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa. Moja ya Argentina, moja ya Afrika Kusini. Akataka kila mtu achague. Darasa zima likachagua ya kwanza, nami peke yangu nikachagua ya pili. Akaniuliza nimeona nini humo. Nikamwambia nasikia moshi, udongo uliolowa mvua, na matunda mekundu yenye uchachu. Akacheka, akawageukia wenzangu: "Huyu ana ulimi wa jivu." Basi jina likanasa. Hata waliokuja darasani baadaye walinijua kwa jina hilo kabla hawajalijua langu. Nilicheka nao, maana ukikasirika ndiyo unawapa utamu, lakini sikusahau na leo sijasahau.

Kilichoniokoa ni kwamba sikukimbilia kujilazimisha kupenda walichopenda wao. Nilitaka kujua kwa nini. Kwa nini glasi ile iliwapendeza wao na hii ikanipendeza mimi? Ukilijua jibu la hilo, hakuna wa kukucheka tena, au wakicheka wanacheka wasichokijua.

Tuanze na Malbec, kwa haki. Mzabibu huu ni mgeni Argentina. Ulitoka Ufaransa mwaka 1853, ukaletwa na mtaalamu wa kilimo aitwaye Michel Aimé Pouget, na aliyesukuma jambo hilo ni Domingo Faustino Sarmiento, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa nchi. Ulikofika ukakuta ardhi ya ajabu: Mendoza ni jangwa lililo chini ya milima ya Andes, mvua ni haba, na mizabibu hunyweshwa maji ya theluji iliyoyeyuka juu milimani. Katika Bonde la Uco, humo humo Mendoza, mashamba yako kati ya mita 900 na 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kaskazini huko Salta yapo yaliyopita mita 3,000. Jua la huko ni kali, usiku ni baridi. Zabibu inajikinga na jua kwa kunenepesha ganda, na gandani ndiko kuna rangi. Baridi ya usiku nayo inauzuia uchachu usiishe. Ndiyo maana unapata mvinyo mweusi karibu kama wino, wenye plamu mbivu na zambarau, na tanini, ile inayokausha kinywa, ikiwa laini isiyosumbua. Ni mvinyo unaokukumbatia tangu funda la kwanza. Wenzangu darasani walichagua kukumbatiwa. Hawakukosea.

Pinotage haikumbatii mtu. Ilizaliwa mwaka 1925 mikononi mwa Abraham Izak Perold, profesa wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, aliyechavusha Pinot Noir kwa Cinsaut. Cinsaut kule Rasi, yaani eneo la Cape huko Afrika Kusini, iliitwa Hermitage enzi hizo. Mzazi mmoja ana madaha na hupata taabu shambani, mwingine ni mvumilivu wa joto na huzaa sana. Mtoto akatoka na tabia zake, hakufanana na yeyote. Shida ni kwamba Pinotage ikiachwa ichachuke haraka kwenye joto kali hutoa harufu ya rangi ya kupakia kuta, au ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Chupa za namna hiyo ziliuzwa nyingi, zikaiharibia jina. Halafu wakaja wakosoaji wa Uingereza wakasema mivinyo myekundu ya Afrika Kusini inanuka mpira ulioungua. Zipo zilizonuka hivyo, siwezi kubisha. Lakini wapo waliobaki na sentensi hiyo kichwani wakaacha kuonja kabisa, na mwalimu wangu alikuwa mmoja wao.

Onja Pinotage iliyotoka kwenye mizabibu mizee ya Stellenbosch au Swartland, ile mifupi iliyoachwa isimame yenyewe bila nguzo wala waya, na mtengenezaji awe amekuwa na subira. Utapata cheri, moshi kwa mbali, majani makavu, na uchachu unaokufanya utake funda jingine. Sizungumzii zile zinazonukia kahawa na chokoleti. Harufu ile hutokana na mbao za mwaloni, zile za mapipa ya mvinyo, zilizochomwa sana, na wapo wanaoipenda mno. Mimi naona ni kunywa pipa. Haya, hilo ni langu, nawe una ruhusa ya kunipinga, lakini ukinipinga niambie umesikia nini kinywani. Usiniambie nani kakwambia.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana ushauri wangu wote uko hapa. Funika chupa. Onja. Andika ulichosikia kabla hujajua unakunywa nini. Kisha funua. Fanya hivyo tena kesho yake, na tena. Jambo la kuandika si "nzuri" au "mbaya." Andika kama kuna ukakasi, uko wapi, fizini au juu ya ulimi; uchachu ukoje; harufu ni ya tunda bichi, bivu, au lililopikwa. Ukishaandika hivyo utagundua kwamba hupendi wala huchukii nchi. Unapenda au unachukia kitu fulani ndani ya glasi.

Chukua Chile. Kwa zaidi ya miaka mia moja mashamba ya huko yalikuwa na zabibu iliyodhaniwa kuwa Merlot, zabibu nyekundu maarufu ya Ufaransa. Watu waliivuna, wakaiuza, wakaisifu. Mwaka 1994 akaja Mfaransa Jean-Michel Boursiquot, akaitazama mizabibu, akasema hii ni Carmenère, zabibu ya Bordeaux ambayo kwao Ufaransa ilikuwa karibu imesahaulika tangu mdudu wa filoksera alipoangamiza mashamba. Wataalamu wangapi walikuwa wameshaionja na kuiandikia sifa za Merlot? Kwa hiyo mtu akikutisha kwa utaalamu, mkumbuke Boursiquot, na wale waliokuwepo kabla yake. Carmenère yenyewe ina harufu ya pilipili hoho mbichi, hasa ikichumwa mapema. Kuna wanaoisikia wakafurahi, kuna wanaosukuma glasi mbali. Mimi huifurahia ikiwa imeachwa mtini hadi ikaiva kweli, hoho ikabaki kama kivuli.

Halafu kuna jambo ambalo darasani hatukufundishwa, nililikuta mwenyewe baadaye, na nililisoma huku nimesimama. Harufu ya pilipili manga inayopatikana kwenye Syrah, zabibu nyingine nyekundu, na Syrah nzuri za Swartland wanazo watu wa Rasi, inatokana na kemikali inayoitwa rotundoni. Takriban mtu 1 kati ya 5 hawezi kuinusa. Pua yake haina habari nayo, hata ukimwongezea. Sasa fikiria meza ya watu watano na chupa moja. Wanne wanasema "lo, pilipili!" na mmoja anatazama glasi yake akijiuliza amekosa nini. Hajakosa kitu. Yeye kamiminiwa kinywaji kingine. Na mate pia hayafanani: tanini hushikana na protini za mate, ndipo kinywa kinakauka, na wengine hukauka mapema kuliko wengine. Kwa hiyo mtu akikwambia ulimi wako mbovu, muulize kaukagua kwa chombo gani.

Nimechoka, kwa kweli nimechoka, na watu wanaogeuza kuonja kuwa fimbo ya kuwachapia wengine. Nyinyi mnaoanzia chini mkipanda, msiwe hivyo mkifika. Mgeni anayeagiza Malbec kila siku usimtazame kwa jicho la huruma. Mgeni anayetaka mvinyo wenye utamu usimwambie ajifunze. Muulize anapenda nini humo. Muulize, kisha usikilize. Nasema tena: muulize, kisha usikilize.

Jambo dogo la jokofu, kwa sababu nusu ya ugomvi kuhusu mvinyo mwekundu huishia hapo. Malbec ikinywewa ikiwa na joto la chumba chenye joto, kilevi kinapanda puani na tunda linakuwa jamu. Iteremshe hadi nyuzi 16 au 18 za Selsiasi. Wewe uliyeniandikia, jaribu hivyo kabla hujaiacha, na utafute iliyotoka juu kabisa ya Bonde la Uco, Gualtallary kwa mfano. Ni nyembamba zaidi, ina uchachu, huenda mkaelewana. Msipoelewana iache, usitoe maelezo kwa mtu.

Mivinyo myeupe nitaipita haraka. Torrontés ya Argentina inanukia maua hadi unadhani ni tamu, ukiinywa ni kavu, na wengi hujiona wamedanganywa. Chenin Blanc ya Afrika Kusini, nchi inayoipanda zabibu hiyo kuliko nchi yoyote duniani, ina sura nyingi mno kuwekwa kwenye aya moja. Hiyo itapata makala yake.

Sasa hiyo orodha yangu. Mwenye mgahawa alitaka ukurasa wa Argentina, ukurasa wa Chile, ukurasa wa Afrika Kusini, na Malbec zijae mwanzoni kwa sababu ndizo zinazouzika. Nikamwomba tuonje kwanza, chupa zimefunikwa, na wahudumu wote wawepo, na mpishi. Tuligawanyika vipande vipande. Mhudumu aliyekuwa akiapa kwamba hagusi mvinyo wa Rasi ndiye aliyeomba aongezewe Pinotage. Mwenye mgahawa mwenyewe aliipa alama ya juu Carmenère aliyokuwa ameikata kwenye bajeti. Sikusema kitu. Nilimimina tu, nikiwa na raha ambayo siwezi kuificha hapa.

Nikaipanga orodha bila kurasa za nchi. Nimeipanga kwa ukakasi. Juu kabisa wako wepesi: País ya Chile, mzabibu ulioletwa na Wahispania katika karne ya 16, na pembeni yake Cinsaut mbili, moja ya Itata huko Chile na moja ya Swartland, ili mtu aone zabibu ile ile ikiwa bahari mbili tofauti. Kisha Pinotage, Carmenère, Malbec ya mlimani, Syrah, Malbec nzito ya mwaloni. Mgeni anasema anapenda wepesi au uzito, nami najua kidole kiende wapi. Nimeambiwa mwalimu wangu yule alikuja kula, akaisoma orodha yote, akaagiza maji. Sawa.

Chini kabisa kuna Tannat ya Uruguay, zabibu ambayo Pascual Harriague aliistawisha huko tangu miaka ya 1870. Ikiwa bado changa inanikausha kinywa hadi nashindwa kusema, na sijawahi kuimaliza glasi yake. Mpishi anaipenda kuliko zote. Nimeagiza kreti mbili.