Maumivu ya mwili mzima: acheni kumeza diklofenaki

Shikamoo daktari. Nina fibromialgia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima. Miezi sita nameza diklofenaki, sipati nafuu. Niongeze dozi?

Marahaba. Usiongeze, acha. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza uvimbe, na fibromialgia si ugonjwa wa uvimbe. Ni mishipa ya fahamu na ubongo vinavyoukuza mguso mdogo ukawa maumivu. Mama mmoja alinimwagia mezani mfuko wake: karatasi tisa za vidonge, saba zote diklofenaki, majina ya kibiashara tu ndiyo yaliyotofautiana. Maumivu yalikuwa palepale. Alichopata ni kiungulia na choo cheusi kama lami. Ukiona choo cha namna hiyo, hospitali siku hiyohiyo.

Prednisoloni, ile dawa ya steroidi, je?

Hapana.

Nimeandikiwa duloksetini, kumbe ni dawa ya sonona. Ina maana daktari haamini kwamba naumwa?

Anaamini, ndiyo maana kakuandikia. Duloksetini huongeza serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo na mishipa ya fahamu. Kemikali hizo hugusa hisia, lakini pia huzuia maumivu yasipande kutoka uti wa mgongo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha pregabalini kwa ugonjwa huu mwaka 2007, duloksetini 2008, milnasiprani 2009. Amitriptilini ni kongwe kuliko zote. Miligramu 10 hadi 25 usiku huwasaidia wengi kulala. Duloksetini huleta kichefuchefu siku za mwanzo, kwa hiyo imeze na chakula. Kama una ugonjwa wa ini, sema mapema. Na tramadoli, dawa kali ya maumivu, uliyoificha kabatini itaje pia: zikikutana, serotonini inaweza kupanda hadi kuhatarisha maisha.

Pregabalini imenivimbisha miguu na kuninenepesha. Jana nimeiacha.

Umekosea. Ukiikata ghafla utakosa usingizi, utatoka jasho, na wengine hupata degedege. Mrudie leo aliyekuandikia, ipunguzwe taratibu, si chini ya wiki moja. Wanaoendelea nayo wasiichanganye na pombe wala mofini. Pumzi hufifia usingizini.

Dawa ipi inaponya kabisa?

Hakuna, na anayekuuzia hiyo anakuibia. Dawa hizi huwapunguzia baadhi ya wagonjwa, wengine haziwagusi. Wataalamu wa EULAR, shirikisho la Ulaya la magonjwa ya baridi yabisi, katika mwongozo wao wa 2016, walipendekeza kwa nguvu kitu kimoja tu: mazoezi. Anza kutembea dakika tano. Kesho mwili ukikuuma zaidi, usiache. Baki na hizohizo tano mpaka uzizoee, ndipo uongeze ya sita.