Asparagasi uani: kabla hujashika beleshi, tafuta jike ni lipi

Mleta uzi kahamia Michigan, Marekani, kakuta asparagasi (mboga inayoliwa machipukizi) nyuma ya nyumba, jirani kamwambia ni mmea vamizi aung'oe wote. Mchangiaji mmoja hapo juu naye kamshauri akusanye mbegu atume Tanzania. Wakuu, wote wawili nawapinga.

Mimi nipo magharibi mwa jimbo hilohilo, upande wa kaunti ya Oceana, huu mwaka wa kumi na moja. Misimu mitatu ya mwanzo nilikuwa kibarua wa asparagasi. Mnakaa kwenye kigari kifupi kinachotembea polepole karibu kugusa udongo, mnavunja machipukizi kwa mkono, kushoto na kulia, mpaka kiuno kinakataa kunyooka. Mmea huu niliujua kwa mgongo kabla sijaujua kwa sahani.

Ni mgeni kweli. Asili yake ni Ulaya na Asia ya magharibi, walowezi ndio waliokuja nao, ukatoroka bustanini. Leo unauona kwenye mitaro ya barabara, kando ya reli, chini ya nyua za mashamba. Hata mdudu wake aliufuata kutoka Ulaya, yule mbawakavu mdogo wa madoa meupe, yuko Marekani tangu miaka ya 1860. Lakini mgeni si lazima awe mvamizi. Sisi tukisikia "vamizi" tunawaza gugumaji lilivyoziba ghuba za Ziwa Victoria mitumbwi isipite, au miti ya mathenge kule Baringo, Kenya. Asparagasi ya bustani haina ubavu huo. Inaota shina hapa, shina pale, hasa ardhi ambayo binadamu keshaivuruga. Wala haimo kwenye orodha ya magugu yaliyopigwa marufuku na serikali kuu ya Marekani.

Kero yake ni mbegu, na hapo nimeadhibiwa mwenyewe. Mmea huu una dume na jike, kama mpapai. Jike ndilo linalozaa vitunda vyekundu vyenye mbegu nyeusi ndani. Kwenye nyumba ninayokaa sasa nilikuta mashina tisa, nikayaacha yazae kwa sababu yalipendeza: majani laini kama moshi wa kijani, vitunda vinaning'inia kama shanga. Ndege aina ya robini wakala wakashiba. Mwaka uliofuata sikuona kitu. Wa tatu nikaona nyuzi za kijani chini ya uzio wa waya, palepale ndege wanapotua, mstari mnyoofu utadhani kuna mtu kapanda kwa kamba. Kisha zikaibuka katikati ya stroberi za mke wangu, na hapo kesi ikahamia ndani ya nyumba.

Mche wa mwaka mmoja unautoa kwa vidole viwili baada ya mvua. Wa miaka minne utajuta. Mizizi ni minene, mingi, imeshuka chini, na ukikata kwa beleshi ukabakiza kitovu chake, pale machipukizi yanapoanzia, udongoni, Mei kinakuchungulia tena. Kuna shina moja nimelichimba mara tatu.

Kwa hiyo mkuu, subiri Agosti. Shina lenye vitunda lifunge utepe, hilo ni jike. Kata matawi yake kabla vitunda havijawa vyekundu, tia kwenye mfuko wa taka, usipeleke kwenye mboji. Ukiwa na mtoto mdogo ndiyo usichelewe kabisa: vitunda hivyo si vya kula, wa kwangu alivila viwili tukakesha naye tumbo. Ukiweza, chimba majike ubakize madume. Dume halipotezi nguvu kwenye kuzaa, linatoa machipukizi zaidi. Ukipanda upya, tafuta aina zilizotoka Chuo Kikuu cha Rutgers kama Jersey Knight, karibu zote ni madume. Ila kama ua wako unapakana na uoto wa asili uliohifadhiwa, jirani ana hoja, ondoa majike yote.

Nahisi jirani anachanganya na ndugu zake. Ule wa vyungu vya kuning'iniza unaoitwa sprengeri, asili yake Afrika Kusini, Florida umewekwa kwenye kundi la kwanza la mimea vamizi. Mwingine wa hukohuko kusini, uliokuwa ukitiwa kwenye mashada ya maharusi, Australia umefunika misitu mpaka wakaleta ukungu wa kutu kuushambulia. Hao ndio wa kuogopa, na wametoka bara letu.

Habari ya kutuma mbegu nyumbani, acha. Mbegu za mmea zinahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na cheti cha afya ya mimea, si kufungiwa kwenye soksi ndani ya begi. Na mbegu za kuokota uani hujui zitatoa nini, nusu zitakuwa majike.

Kwa anayetaka asparagasi za mtaroni bure: mwezi wa kumi majani yanageuka njano kali, unayaona kwa mbali ukiwa unaendesha. Weka alama kwenye ramani ya simu, rudi Mei. Uliza kwanza kama upande huo wa barabara unapuliziwa dawa ya magugu, maana mingi inapuliziwa. Na ukila halafu mkojo ukanuka ajabu, usikimbilie hospitali. Ni yenyewe.